Sarafu za Elirehema

Gulfton, Houston
12 Novemba 2017

Mpendwa Dada Apolonia,

Shikamoo dada. Mguu unaendeleaje tangu watoe plasta? Na shemeji, amerudi kazini? Sisi tunasukuma siku, ila moyo wangu hautulii. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Pelagia wetu alianza kukohoa mwezi wa tisa, baada ya yale mafuriko yaliyotuingilia hadi ndani. Akilala, kifua kinalia kama filimbi.

Wakati huohuo mume wangu Elirehema, unajua anavyopenda historia tangu asome Mlimani, alinunua mtandaoni kifuko cha sarafu za shaba za Warumi, bado zina udongo. Kila jioni anazisugua mezani kwa mswaki. Kwenye moja, ya Kaisari Konstantino, akatokea mungu jua, miale kichwani, mkono juu. Nyingine ni ya Kaisari yuleyule, lakini ina askari wawili na bendera yenye alama ya Kristo.

Bibiche, jirani yetu Mkongo tunayesali naye, aliiona ile ya jua akashtuka. "Mama Pelagia, hiyo sanamu itoke mu nyumba. Ndiyo inakula mutoto."

Nilicheka, dada, lakini amani ikaisha. Hata wodini nikihudumia wagonjwa naiwaza ile meza. Jumamosi iliyopita nikazizoa zote, nikaenda nazo kwenye pipa la taka la nje. Elirehema akanikuta nimeshafunua kifuniko.

Hakufoka. "Watu walinunua mkate kwa zote mbili, ya jua na ya Kristo, Yasinta. Zitupe ukitaka. Ila mtoto akiendelea kukohoa, tutatupa nini tena?"

Nikafunika pipa, nikamrudishia sarafu zake. Tukampeleka Pelagia kwa daktari palepale. Akasema ni pumu, kisha akauliza habari za nyumba. Tuliporudi Elirehema akavuta kitanda cha mtoto: ukuta wote nyuma una kuvu jeusi, na kapeti bado bichi. Mwanangu alikuwa analala ameugusa ukuta ule, mimi nakodolea sarafu!

Meneja wa nyumba hizi anataka kuupaka ukuta rangi tu. Tumekataa, tunatafuta pa kuhamia, na hatujapata. Nashindwa kukaa chini. Napiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Pelagia analala kwa Bibiche, kwenye kitanda cha Bibiche mwenyewe, naye kajitandikia sakafuni. Jana usiku mtoto hakukohoa hata kidogo hadi asubuhi.

Msalimie Mama, na Kaka Gelasius na wanawe. Mungu awafunike nyote, nasi atupe pakavu pa kulala.

Mdogo wako akupendaye,
Yasinta