Kopo langu na bibi wa pili

Générose, dada yangu, leo nimeaibika mbele ya mjukuu wangu.

Merveille alikuja na kazi ya shule: vitu gani vinahesabiwa, vitu gani vinapimwa. Nikamwambia unga unahesabiwa, makopo matatu kwa fufu yetu. Si ndivyo tulivyouza sokoni Bukavu?

Serah, bibi yake mzaa baba, yule nesi Mkenya, akatabasamu. "Dada, kinachohesabiwa ni kopo. Unga unapimwa, maana unaweza kuzidi hata nusu kijiko. Lakini watoto ni wawili au watatu, hakuna wawili na nusu."

Eti unga unaweza kuzidi. Ananiambia mimi, niliyewaongezea wateja nyongeza miaka ishirini.

Mtoto akasogeza kiti chake kwa Serah. Nakwambia alikisogeza. Kila Jumapili kiti hicho hukaa kando yangu.

Na siwezi kumchukia, ndiye aliyenimiminia chai kabla sijaomba. Lakini wivu umenishika, dada.

Sasa hivi Merveille amerudi jikoni, ananiomba lile kopo nililotoka nalo kambi ya wakimbizi. Anasema darasani litaonyesha yote mawili, kuhesabu na kupima.

Nimeshaliosha. Serah hana kopo.