Fundo kwenye Waya wa Kioo

Ijumaa, Butembo. Ukungu umekataa kuondoka mpaka saa nne.

Leo ndiyo siku ya kuunganisha jengo la juu na jengo la chini la shule yetu. Juu kuna intaneti. Chini wanasoma watoto waliokimbia vita upande wa Manguredjipa, wakiwa na kompyuta sita ambazo hazijaunganishwa na chochote. Prefe wetu, mkuu wa shule, alisema wazi: zisipopata mtandao wiki hii, zinarudi juu. Wanafunzi wa juu wameshaanza kuwaita watoto hao "ba chini", yaani watu wa chini. Jina hilo linaniudhi kuliko ninavyoonyesha.

Jana wazazi walikuja kwenye salongo, kazi ya pamoja, na majembe yao. Walichimba mtaro, tukalaza waya. Mmoja akauliza hiki ni kitu gani, nami kwa haraka nikajibu: kamba tu ya intaneti.

Mdomo wangu huu.

Leo Muhindo, fundi wa Beni, alifika na pikipiki na mashine yake ya kuunganisha nyuzi. Alitaka kuondoka kabla ya saa nane, maana barabara ile siku hizi haisafiriwi jioni. Aliunganisha ncha ya juu, akawasha taa yake nyekundu iangaze ndani ya waya, tukateremka mbio. Kwenye ncha ya chini hapakuwa na mwanga wowote.

Ndipo tukaona. Waya uliozidi, chini ya dirisha la darasa, ulikuwa umekunjwa vizuri, ukafungwa fundo, fundo likakazwa kwa nguvu. Na ndani ya waya ule mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele; ukikazwa hivyo huvunjika.

Mama Kavira, ambaye binti yake anasoma hapo chini, hakujificha.

"Ni mimi nilifunga, Mwalimu. Wakati tulikimbia, kitu yenye haikufungwa muzuri ilipoteaka mu njia."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Aliyesema kamba ni mimi.

Muhindo akakata nyuma ya fundo. "Kama na hapa ilivunjika, mimi hapana na waya ingine," akasema. Ilikuwa saa saba na nusu. Waya sasa haukufika tena kwenye ofisi ya jengo la chini, ambako prefe alitaka kisanduku cha mtandao kiwekwe. Uliishia darasani kwa watoto. Sitadanganya, hilo lilinifurahisha.

Kisha Muhindo akamwambia Mama Kavira aweke kiganja mbele ya ncha mpya. Nukta nyekundu ikatokea katikati ya kiganja chake.

Aliitazama muda mrefu. "Mwalimu, mutaro iko na kona mbili. Mwangaza inapitaka mu kona namna gani?"

Nikamjibu la kitabuni: unagonga ukuta wa kioo, unarudi, unagonga tena.

"Na haichokake?"

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba unachoka kweli, ukienda mbali sana. Swali hilo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza.

"Mbali namna gani? Inaweza kufika mpaka kwetu, Manguredjipa?"

Nikamwambia ndiyo, mwanga wenyewe unaweza, hata kama sisi bado hatuwezi. Hakufunga kiganja.

Muhindo aliunganisha ncha ile akaondoka kabla ya saa nane, na kompyuta sita zinabaki chini. Kesho saa mbili tunaziwasha, na nimemwomba aje na maswali mengine.