Mgeni Haoni Bomba

Jumanne, Gitega. Mvua imekatika tangu alfajiri. Hasira yangu bado.

Mama mkwe ameondoka. Amepanda basi la Muyinga, kwa binti yake, na kifurushi cha nguo zilizosalimika. Msala mpya niliomnunulia jana hakuuchukua.

Chumba chake kiko chini ya nyumba, upande wa mteremko, kwa sababu magoti yake hayawezi ngazi. Juzi mvua ilipopiga, maji ya choo yalipanda kupitia tundu la bafu lake, yakaingia hadi chini ya kitanda na kulowesha msala aliosalia alfajiri ileile. Nilimkuta amesimama juu ya stuli, tasbihi mkononi, mama mzima wa miaka sabini.

Nimechukia, na nina wa kuwalaumu.

Nianze na mume wangu, Baba Aisha. Jirani wa chini alilalamika kwamba maji ya paa letu yanamwagikia uani kwake. Yeye, mpenda sifa, akaunganisha mfereji wa paa na bomba la choo. Mtaa mzima ukamsifu kwa ujirani mwema. Fundi Rajabu alimwonya waziwazi: mvua kubwa ikija shimo la choo litajaa, na uchafu utarudi kwenye tundu la chini kabisa. Akasema kama hatutaki kutenganisha, basi tuweke klape, kale kamlango ka ndani ya bomba kanakoruhusu maji machafu kutoka na kuyakatalia kurudi.

Hatukuweka.

Na hapa vidole vinakuwa vizito. Ni mimi niliyesema klape ingoje. Harusi ya Aisha ilikaribia, nikataka pesa ziende kwenye geti jipya. Nilisema mgeni haoni bomba, anaona geti. Watu walicheka, nami nikajiona mjanja.

Leo asubuhi nimepanda ngazi na msumeno, nikaukata ule mfereji mwenyewe. Baba Aisha alisimama chini, akinishikia ngazi.

Mama hakugomba, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mlangoni alinishika mkono, akasema, "Mi siko na hasira, mwanangu. Lakini siwezi kusali mu choo."

Kesho fundi anaweka klape. Nitasimama pale mpaka aijaribu kwa ndoo za maji. Keshokutwa napanda basi la Muyinga. Mama anaamini kosa ni la mwanawe peke yake, na mimi nimemwacha aamini hivyo. Nikifika nitamwambia geti lilikuwa langu.