Kalamu ya Mzee Okumu na Mtamba Mmoja

Busibwabo, Jumapili, Agosti 1966

Mvua ilinyesha alfajiri ikakoma, na mchana kutwa hewa imekuwa nzito kama blanketi lililoloa. Moyo wangu nao haujatulia.

Leo wakwe wamekuja kukamilisha mazungumzo ya mahari ya mdogo wangu, Nabwire. Harusi imepangwa mwisho wa mwezi. Ng'ombe wote walikwisha kuletwa isipokuwa mtamba mmoja, na pamba ya kina Wandera, mchumba wake, bado haijafunguka shambani. Shangazi alikuwa ametangulia kusema kwamba bila mtamba, harusi isogezwe hadi pamba iuzwe.

Ndipo Mzee Okumu, babu yake Wandera, akafungua kitambaa na kutoa kalamu ya wino. Aliipata alipokuwa karani wa mahakama enzi za wakoloni. Aliomba ihesabiwe mahali pa mtamba.

Baba akaigeuzageuza, kisha akanipa mimi.

"Wewe ndiye umesoma Kampala. Hii kitu inafika mtamba ama haifiki?"

Niliipenda mara ile ile nilipoishika. Chuoni nilitumia kalamu kuukuu za namna hiyo, hivyo nilijua mahali pa kutazama. Nibu ni ya dhahabu, lakini ncha yake imelika upande mmoja kwa kuufuata mkono wa mzee miaka mingi. Mkono mgeni utakwaruza karatasi. Mfuko wa mpira ulio ndani umekauka na hauvuti wino tena. Mwili uliokuwa mweusi umegeuka rangi ya chai, na kifuniko kina ufa. Fundi angeweza kuiponya. Hata hivyo, sidhani kama kuna duka ambalo lingeinunua kwa bei ya ng'ombe.

Nabwire alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akinitazama. Alihitaji neno moja tu kutoka kwangu.

Nikasema inafika mbuzi.

Mzee Okumu aliinamisha macho, nami nikatambua, au nadhani nilitambua, kwamba Baba hakuwa akiulizia bei. Alikuwa akitafuta mtu wa kusema "inafika" ili mzee wa watu asiaibike. Mimi nilijibu kana kwamba nimo katika chumba cha mtihani.

Aliyetuokoa ni Ojiambo, mjomba wake Wandera, dereva wa lori anayeshinda Malaba.

"Mbuzi ya wapi, shemeji? Kama ni ile ya Budalang'i imekunywa mafuriko, hapo umetuonea."

"Ni ya hapa kwetu," nikamjibu. "Imeshiba."

Watu wakacheka, hata Shangazi, ambaye huwa hacheki mbele ya wakwe. Mzee Okumu akainua kichwa.

"Basi ni mbuzi mzuri," akasema. "Mimi nilikuwa nimefikiria kuku."

Baada ya hapo Baba aliipokea kalamu kwa thamani ya mbuzi, na mtamba akaachwa angojee pamba. Shangazi alipotaka kupinga, Baba akamwambia kwamba mkwe akimaliza kila kitu husahau njia ya huku. Siku ya harusi haikuguswa.

Nabwire hakuridhika.

"Dada, ulishindwa nini kusema ng'ombe?" aliniuliza wageni walipoondoka. "Ama ulitaka wajue umesoma?"

Nilimwambia kwamba kalamu ikiitwa mtamba leo, kila atakapogombana na mawifi wa huko atakumbushwa kwamba yeye ndiye aliyeolewa kwa kalamu. Ni hoja nzuri. Linalonisumbua ni kwamba sikumbuki kuifikiria kabla ya kufungua kinywa. Huenda nilisema kwanza, kisha nikaitafuta hoja ya kunisitiri.

Huenda alikuwa na haki kuhusu usomi wangu pia.

Nabwire alivuta kigoda akaketi ubavuni mwangu, goti lake likagusa langu, tukamenya karanga za harusi mpaka ungo ukajaa. Mara moja alinitupia ganda. Nami nikamrudishia.

Sasa amelala, nami naendelea kuandika. Nilitaja thamani ya kalamu ya mzee mbele ya ukoo mzima bila sauti kutetemeka. Kwa nini basi nimeshindwa, tukiwa wawili tu, kumwambia mdogo wangu kwamba sijui nitaishije katika nyumba hii akishaondoka?