Kichwa cha Leonidas

Jumatatu, 7 Julai
Wino umeganda tena. Baridi ya Gitega mwezi huu haina adabu. Nimeliweka kopo juani na kuligeuza mara kwa mara mpaka likalainika. Nimechapa ile michoro yangu ya mikono ya wauza ndizi. Nakala chache zimetoka safi, moja nimeiharibu kwa kuvuta karatasi kabla ya wakati. Haraka yangu itaniua.

Udongo wa kufinyangia umefika kutoka Mutaho kwa baiskeli. Umejaa mawe. Nimemlalamikia mwenye baiskeli, amecheka tu.

Eliya ameniletea chai bila kuombwa. Ni mpangaji wangu wa chumba cha mbele, kijana wa Uvira, anauza vitenge. Mpole kupita kiasi. Kofia yake ya sufu haitoki kichwani hata jua likiwaka. Tangu akimbie vita hajapata habari za mama yake. Anapiga namba ya zamani kila siku, haiiti, anarudisha simu mfukoni na kuendelea kukunja vitenge. Mimi ningeshaivunja.

Jumatano, 9 Julai
Mgeni kutoka Gasorwe, huko Muyinga. Mama mzee, mwembamba, viatu kavishika mkononi. Wanamwita Mama Leonidas. Leonidas ni mwanawe. Alitoka kwenda sokoni zamani zile za machafuko na hakurudi. Maiti haikupatikana. Picha hakuna, nyumba iliungua na kila kilichokuwemo. Sasa ukoo umechoka kungoja. Wanataka kumzika na kuganduka, waondoe matanga, watu waendelee na maisha. Walipanga kuzika mgomba badala yake.

Amekataa. "Mi sikuzaa mugomba," ameniambia. "Unitengenezee kichwa yake."

Nimemweleza ukweli. Mimi si mtu wa kubuni. Nachora kilicho mbele yangu, basi. Amesema yeye atasema, mimi nichore. Nilikuwa na sababu zote za kukataa, kazi ya mikono haijaisha, na mjomba wangu wa msikitini akisikia nachonga kichwa cha maiti ataacha kuja hata kwa chai. Nimekubali. Hakulia. Angelia ningemfukuza.

Ijumaa, 11 Julai
Tangu jana anasema, nafuta. Mkaa umenijaa hadi kwenye kope.

Paji pana. Hapana, si hivyo. Macho yamekaribiana. Zaidi. Mdomo wa chini mzito. Anafumba macho akisema, anafumbua, anakataa. Asubuhi nilishindwa kujizuia nikamwambia achore mwenyewe. Akachukua mkaa kweli, akautazama, akanirudishia mkononi kwa upole. Nikaona haya.

Alasiri akakumbuka sikio. La kulia. Leonidas aliliwa na panya akiwa mchanga, kipande cha juu kikaenda. Nikalikata sikio kwenye mchoro. Akafumbua macho. Kisha akaisalimu karatasi. Kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu ameingia mlangoni. Akaiuliza kama imekula.

Nywele zilinisimama. Mimi si mwoga, lakini zilinisimama.

Jumatatu, 14 Julai
Mama Leonidas amerudi kwao. Atakuja Alhamisi kuchukua kichwa. Mazishi Jumamosi.

Kazi inakwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi. Kwa kawaida nagombana na udongo. Naubembeleza, nautukana, naubomoa. Huu umekubali tu. Taya, shavu, kile kibonde chini ya jicho. Vidole vilikwenda vyenyewe. Mchoro uko ukutani na sikuutazama hata mara moja.

Jana nilikifunika kichwa kwa kitambaa kibichi kisipasuke. Leo asubuhi kitambaa kimekauka sehemu moja, mbele ya mdomo. Kwingine kote kibichi. Nimejiambia ni upepo. Dirisha liko upande wa kisogo.

Nimeanza pia kuchonga ubao wa kuchapia uso huo. Ameomba karatasi za kugawia ndugu, kwa kuwa hawana picha.

Jumanne, 15 Julai
Nimechapa. Wino mweusi, karatasi ya kawaida, mgongo wa kijiko cha mbao kusugulia. Ubao huchongwa kinyume, kwa hiyo sikio la kulia limetoka la kulia. Hilo sijawahi kulikosea. Nimeanika kwenye kamba ya nguo uani. Uso mmoja, kamba nzima.

Wateja wa Eliya hupita uani kwenda msalani. Mama mmoja alipita, akarudi dukani, akampa Eliya pole. Akamuuliza marehemu ni kaka yake au ni pacha. Eliya hakuelewa. Akaja kuangalia.

Akasimama katikati ya karatasi. Ndipo nikaona. Mwaka mzima ananiletea chai na sijawahi kumtazama. Paji lile. Macho yale. Mdomo ule ule. Nilicheka, kicheko kibaya cha woga. Nikamwambia mkono wangu umemwiba: sijui kubuni, nimechukua uso uliokuwa karibu. Kosa la mchoraji mvivu, yamekwisha. Kwa kweli nilipata nafuu kulisema.

Akavua kofia. Sikio la kulia. Kipande cha juu hakipo.

Panya, alisema. Alikuwa bado mchanga, kwao Uvira.

Sijawahi kuliona sikio hilo. Naapa. Hajawahi kuvua kofia mbele yangu.

Jumatano, 16 Julai
Nimemuuliza ambalo yeyote angeuliza. Pengine wewe ndiye Leonidas. Amekasirika, mara ya kwanza namwona amekasirika. Leonidas alipopotea alikuwa kijana wa kwenda sokoni peke yake. Eliya wakati huo alikuwa ananyonya. Ana mama aliyemzaa, majirani walikuwapo, mkunga anamjua kwa jina. Ni kweli. Hesabu haikubali.

Halafu hasira ikamtoka, akakaa juu ya ndoo yangu ya udongo.

"Dada, usinizike," alisema. "Mama yangu angali ananingojea. Mukinifukia huku, kule ataacha kungoja."

Nikamwambia ni udongo tu. Nilijisikia nikisema, na sauti yangu mwenyewe haikunishawishi.

Basi nimefanya nisilofanya kamwe, nimeharibu kazi nzuri kwa makusudi. Nimeipanua pua. Nimelijaza sikio. Nimeshusha nyusi, nimevimbisha shavu. Karatasi zote nimechoma jikoni pamoja na mchoro. Ubao nimeuparua kwa patasi mpaka ukawa kibao cha kukatia nyama. Kichwa kilichobaki ni cha mtu yeyote. Kibaya, hata mwanafunzi angeona haya. Eliya amekitazama kwa muda mrefu, ameshukuru, amekwenda kufungua duka.

Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 17 Julai
Mama Leonidas amefika na mpwa wake na kikapu. Nilikuwa nimeandaa uongo wangu: udongo ukikauka hunywea, sura hubadilika kidogo. Karatasi zimeharibika, wino ulikuwa mbovu. Hakubisha neno. Akaomba maji. Nikamletea ya kunywa.

Akachovya kidole gumba.

Akairudisha pua mahali pake. Hakusitasita. Akapandisha nyusi, moja, nyingine. Akalisukuma shavu ndani kwa kiganja. Mwanamke ambaye hajawahi kushika udongo ila wa shamba. Mwisho akashika sikio na kukwanyua kipande cha juu kwa ukucha. Kipande kilianguka sakafuni. Kikawa kile kile cha Jumatatu, hapana, bora kuliko cha Jumatatu. Mimi niliacha kitu karibu na midomo, aina ya ukali. Yeye aliutoa.

Eliya alikuwa mlangoni na chai mkononi. Mama Leonidas alipita karibu naye bila kumtazama, kichwa cha udongo kimefungwa kwenye kitenge.

Ningeweza kumzuia. Ningeweza kukiangusha, kazi ya sekunde. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nakitazama kile kidole gumba, natamani kukijua kinavyokwenda. Eliya ameniomba jambo moja tu, na mimi nilikuwa najifunza kazi.

Ijumaa, 18 Julai
Hajaleta chai. Anasema kesho anakwenda na mimi Gasorwe. Akizikwa, anataka kuona. Nimejaribu kumkataza, ameendelea kukunja vitenge.

Jumamosi, 19 Julai
Mafuta ya shida, gari tumelipata kwa kubahatisha. Tumepita Karusi, tukashuka Muyinga, tukabadilisha hadi Gasorwe. Kutoka barabarani ni kupanda kilima kwa miguu kati ya mihogo. Eliya alivua kofia huko huko njiani. 

Watu walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi, wanaongea. Wa kwanza akamwona, akanyamaza. Kisha wa pili. Kimya kilitembea mstari kwa mstari mpaka nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama alijikuta amekaa chini kwenye majani. Wanawake waliwavuta watoto wao karibu. Hakuna aliyepiga kelele, na mimi nilikuwa naomba mmoja apige.

Mama Leonidas alimjia moja kwa moja.  Alisimama karibu naye, akainua macho, akamtazama usoni. Alimtazama hasa, si kupitisha jicho. Akampa mkono. Akamshukuru kwa kutoka mbali. Akamuuliza kama alimfahamu mwanawe, na Eliya akatikisa kichwa.

"Kijana, we iko na nguvu," akamwambia. "Saidia kushusha."

Akaingia shimoni. Nilidhani atakataa, ningekuwa mimi ningekimbia mpaka Tanzania. Aliingia, akapokea kile kifurushi cha kitenge kwa mikono miwili, akakilaza chini, akakigeuza kidogo kikae vizuri. Mtu mmoja mwenye haraka alirusha koleo la kwanza la udongo Eliya akiwa bado ndani. Hakuna aliyemkemea. Alipopanda alikuwa na udongo begani na kwenye kope.

Mama Leonidas amekula leo. Amekunywa Fanta. Amecheka jambo aliloambiwa na shemeji yake, na mpwa ameniambia hakujua kama shangazi ana jino la dhahabu. Nilimfurahia. Nilijichukia pia, na yote mawili yalikaa pamoja bila tabu.

Kurudi, Eliya alilala garini kinywa wazi. Niliweka kiganja mbele ya mdomo wake kuhakikisha.

Jumanne, 22 Julai
Duka limefunguliwa. Nimeketi uani nikiliangalia. Wateja wanaingia, wanashika vitenge, wanaangalia huku na huku, wanatoka. Mmoja aliuliza kwa sauti kama kuna mtu. Eliya alikuwa amesimama nyuma ya meza, mita moja mbele yake, anasema karibu mama.

Nimejiambia ni macho ya jua, ukitoka nje huoni ndani.

Jumatano, 30 Julai
Dereva wa lori kutoka upande wa Uvira ameleta namba mpya ya mama yake Eliya. Mama yuko hai, yuko kwa dada yake, hana jeraha hata moja. Nilipiga vigelegele, mimi, peke yangu uani. Eliya alikosea namba mara mbili. Nikambonyezea mimi, nikaweka sauti ya nje.

Mama alipokea. Eliya akasema, ni mie, mama, Eliya.  Tulisikia kuku kule kwao.

"Mutoto yangu tulishamulilia, tukamaliza," mama akasema polepole. "We ni nani unaongea na sauti yake?"

Akakata. Eliya amepiga tena na tena. Haipokelewi.

Dereva alikuwa bado amesimama. Akasema watu wa kule walimshangaa mama huyo. Alikuwa mbishi kuliko wote, kila mara anasema mwanangu yuko njiani. Kisha siku moja, saa za mchana, aliweka jembe chini, akasema Eliya amezikwa, amezikwa vizuri, na watu wema. Hakuna mtu aliyemletea habari yoyote. Wakamaliza kilio jioni ile ile.

Nikamuuliza siku gani. Akafikiri. Jumamosi, akasema, si hii iliyopita, ile ya nyuma yake.

Eliya aliniangalia. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu, anitukane, avunje kitu changu. Aliuliza kama kuna maji ya moto.

Jumapili, 3 Agosti
Upepo umetulia. Nimefagia uani.

Dereva anarudi Uvira kesho. Eliya ametuma picha za simu kwa yule dada ya mama yake, mama amezisukuma pembeni, anasema picha za zamani ziko nyingi, hazithibitishi kitu. Kwa hiyo ameniomba nimchore. Mchoro wa leo, wa mtu aliyeketi kitini. Dereva atamwekea mama mkononi, atauliza huyu ni nani.

Ameoga, amevaa shati jeupe. Tumekaa tangu asubuhi. Nimechora, nimefuta, nimechukua karatasi nyingine. Natazama paji, nachora paji. Natazama mdomo, nachora mdomo. Sijawahi kumtazama mtu kwa bidii hivi. Kila karatasi inamtoa kijana mzuri, mpole, ambaye simjui.

Ameuliza, bila kugeuza shingo, kama inafanana.

Nimemwambia mwanga wa leo haufai.