Sambusa Katika Koti la Msikitini

Baba Rukia,

Maharage yameiva, yako jikoni. Unga uko kwenye debe. Ugali songa mwenyewe, mikono unayo. Rukia asiinuke kabla hajamaliza mchicha.

Wiki mbili tumeacha vya kukaanga vya hotelini kwa ajili ya tumbo lako, nami nikawa najivunia unavyowahi msikitini kila alfajiri. Kumbe! Leo paka kakufuata mpaka chumbani, kang'ang'ania koti lako. Ulipokwenda kuoga nikatia mkono mfukoni: sambusa tatu, bado za moto!

~~Nalala kwa wifi Jaha, Ipogolo.~~ Narudi kabla ya magharibi.

Sambusa usizitafute. Nimeondoka nazo nikamwonyeshe dada yako. Kama zitafika lakini, maana Ipogolo ni mbali, na kwa hasira sikunywa hata chai.

Mama Rukia