Mafuta ya Nazi Kwenye Kamani

Riyadh, 3 Desemba 2024

Kwa Baba yangu Ghalib,

Shikamoo Baba. Natumai hamjambo wewe na Mama, na kwamba goti lako limepoa. Mie mzima, ila usingizi sipati kwa furaha, na sababu yake nakwambia sasa hivi kabla sijapasuka.

Klabu yetu ya shabaha inachagua wanawake wanne wa kwenda mashindanoni mwezi wa Machi! Mchujo ni mmoja tu, Jumamosi tarehe 11 Januari. Nikikosa, halas, maana mwakani watachukua walio chini ya miaka thelathini na tano, na mwanao ana thelathini na nne na nusu.

Bunduki yangu ni ile ya marisau, inayochomekwa magazini, kile kisanduku cha risasi, kwa chini. Mchezo wenyewe ni mbio: unapiga sahani za chuma, unatupa magazini tupu, unachomeka jengine, unapiga tena. Basi meza yangu ya chakula imegeuka karakana. Kitako cha bunduki nimekipunguza vidole viwili, maana aliyekitengeneza alidhani sote tuna mikono mirefu kama shingo ya twiga, kisha nimekipiga msasa mpaka kinateleza. Mdomo wa kuchomekea magazini nimeupanua kidogo kwa tupa, na glavu za jikoni mkononi. Mkaguzi wa klabu ameitazama yote akaipitisha.

Kilichobaki ni magazini. Ninayo manne, na kamani za ndani, zile springi zinazosukuma risasi juu, zinakwaruza, risasi zinapanda kwa uvivu. Fundi wa kamani ninayemwamini ni mmoja tu, naye mwaka wa nne huu ameapa hatotia mguu Riyadh mpaka nirudi nyumbani. Sikuombi uje, Baba. Magazini nampa binamu Anas kwenye basi lake, matupu, na karatasi ya ruhusa ya klabu imo ndani. Utanifanyia?

Binti yako,
Muna


Jeddah, 12 Desemba 2024

Binti yangu Muna,

Marahaba, marahaba mara mia. Sisi wazima. Goti linauma nikipanda ngazi tu, basi ngazi sipandi. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

We mtoto we! Miaka arubaini niko hapa Balad, mji mkongwe, natengeneza makufuli na saa za watu, hakuna aliyewahi kuniletea kitu cha kushindania mbio! Nilipofungua mzigo nikafunga duka saa nne asubuhi, wateja wakagonga mlango mpaka wakachoka.

Kamani zako si mbovu. Zimekauka, na zina ncha zinazokwama pembeni. Nimezisugua moja moja, kisha nimezipaka mafuta yetu, yaleyale aliyopaka marehemu babu yako kwenye makufuli ya Unguja: mafuta ya nazi, nimeyachuja mara tatu mwenyewe. Hayo ya dukani yanashika vumbi. Haya yangu hayajaniangusha hata siku moja. Sasa ukibonyeza kibao cha ndani kinakurukia kidoleni! Nilimpa mama yako ajaribu, akapiga ukelele, akataka tena.

Ama ile yamini ya kutokuja Riyadh, nimeapa nimeapa. Lakini mikono yangu haikuapa. Haya, pokea.

Baba yako,
Ghalib


Riyadh, 22 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Vipi goti? Yamefika, Baba, yamefika! Nimekwenda kuyajaribu kwenye uwanja wa ndani wa klabu, wenye mashine za joto. Nilikuwa natumia sekunde kumi na saba. Juzi kumi na mbili! Mwalimu akanambia, "Fundi wako nani?" Nikamwambia huyo hapatikani kwa simu wala kwa pesa.

Nyumba nzima inanukia kama kichwa changu nikisuka. Niombee dua Jumamosi ile. Tutapigia nje ya mji, jangwani, saa moja asubuhi.

Binti yako mwenye kiherehere,
Muna


Jeddah, 19 Januari 2025

Muna,

Salama? Leo salamu sizirefushi. Siku ya nane hii. Anas amekuja mara mbili mikono mitupu, bila barua yako. Simu unapokea ya mama yako tu, na kila siku unamwambia uko kazini.

Umeshindwa? Mwanangu, kwani aliyeshindwa hana kwao? Niambie. Na kama ni kamani, niambie vilevile.

Baba yako


Riyadh, 21 Januari 2025

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Siku ileile nilikuandikia barua, nikaichana, maana ilijaa hasira, na wewe hukuzistahili.

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kukata masikio. Kituo cha kwanza cha kupigia, risasi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili, kimya. Nikabadilisha magazini, kimya. Kituo karibu chote nikakitupa. Nilikaa chini kwenye changarawe nikalia mbele za watu. Kisha nikachungulia ndani ya magazini: mafuta yako yameganda, meupe kama samli.

Lakini mjinga zaidi ni mimi! Kila baridi ikiingia hapa, chupa yangu ya mafuta ya nywele inaganda, naitia kwapani ndipo nijipake. Mwanamke yeyote wa kwetu aliyeko Riyadh anajua hilo. Kwenye bunduki halikunijia kabisa. Basi yalla, nikatoa risasi zote, nikayatia magazini ndani ya koti, mawili kwapani, mawili tumboni. Lo, baridi ya kile chuma! Maryann, nesi Mkenya tunayeshindana naye, akaniuliza, "Wee Muna, umeatamia mayai?" Nikacheka na machozi yangu.

Kituo cha pili, zote. Cha tatu, zote. Cha nne zote, Baba, kwa sekunde kumi na moja!

Nimekuwa wa nne. Nimemzidi wa tano kwa sahani moja. Nimechaguliwa!

Kunyamaza nilinyamaza kwa sababu sikujua nimwambieje fundi wa miaka arubaini kwamba mafuta yake yameganda.

Binti yako,
Muna


Riyadh, 31 Januari 2025, baada ya Alasiri
Kwa mkono wa bawabu

Muna, mwanangu,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea mama yako. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mie nimekwenda kwa mtoto mara mbili wakati wa baridi," anasema, "mbona hukuniuliza?" Kweli, sikumuuliza. Miaka yote hii najiita fundi, kumbe ni fundi wa joto tu!

Niliona haya siku mbili. Ya tatu nikaona hamu. Mama yako akapika pilau, tukawalisha mahamali kumi maskini, wapagazi wa Balad, mpaka wakashiba, na kafara ya kuivunja yamini yangu ikatoka. Halas. Anas akanipakia kwenye basi.

Bawabu wako anasema unakaa ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu. Mie ngazi sipandi. Niko hapa chini kwenye kiti chake, nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Nimekuja na mafuta ya mashine ya dukani kwa ajili ya kamani, na chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya nywele zako. Hiyo chupa imeshaganda. Nimeitia kwapani.

Teremka.

Baba yako